Mhadhiri Akienda Masomoni, Kozi Zake Hubaki na Nani?

Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la HEET, ulianza mwaka 2021 kwa muda wa miaka mitano. Ni mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, na umeingia zaidi kwenye vyuo vikuu vya umma: majengo, maabara, mapitio ya mitaala na kusomesha wahadhiri. Majengo yanaonekana kwa macho na viongozi wamepigwa picha mbele yake. Kusomesha wahadhiri nako kumesifiwa, tena kwa haki. Ila kila ninapokaa na watu wa vyuo hapa Dodoma, nasikia hitimisho linalonitia shaka: kwamba walimu wa kudumu wakisharudi na shahada zao za uzamivu, suala la ubora wa ufundishaji litakuwa limekwisha, na wale walimu wa muda, wa patitaimu (PT), waliokuwa wakiziba mapengo wataagwa kwa shukrani.

Hesabu hiyo inaruka mtu mmoja. Mhadhiri akienda masomoni miaka mitatu au minne, kozi zake haziendi naye. Zinabaki kwenye ratiba, wanafunzi wanabaki kwenye viti, na lazima kuwe na mtu wa kuingia darasani, kutunga mtihani na kusahihisha. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu wa muda. Maana yake ni kwamba sehemu ya mafanikio tunayoyapigia makofi ilibebwa mgongoni na mtu ambaye fedha za kujenga uwezo zilipogawanywa hakuhesabiwa. Hoja yangu ni hii: kumwendeleza mwalimu wa muda kitaaluma, ikiwa ni pamoja na kumfungulia mlango wa makongamano, si hisani wala marupurupu. Ni gharama ya kozi, kama ilivyo projekta na karatasi za mitihani. Na kinachomfungia mlango si ukata peke yake kama tunavyopenda kuambiana. Ni mazoea ya kumhesabu kama mpita njia.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu mji huu umepata vyuo na wafanyakazi wa serikali karibu kwa mkupuo mmoja. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 kikiwa na ramani ya kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza katika eneo lililokuwa Sekondari ya Mazengo. Kuna Chuo cha Mipango kule Miyuji, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Madini, Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Kisha Julai 2016 likaja tangazo la serikali kuhamia Dodoma, na Aprili 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Ndani ya muda mfupi mitaa ya Ilazo, Kisasa na Makulu ikajaa wahasibu, maofisa ununuzi, wanasheria, watakwimu na maofisa mipango wanaotoka ofisini saa 9:30 alasiri. Baadhi yao jioni ni wanafunzi. Baadhi ndio walimu.

Hao ni aina ya kwanza ya watu wa patitaimu. Aina ya pili ni kijana mwenye shahada ya uzamili na matokeo mazuri, anayezunguka vyuo viwili au vitatu kwa daladala, huku akisubiri tangazo la ajira ya kudumu. Chini ya matangazo hayo husoma anwani ya Sekretarieti ya Ajira iliyoko Majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro, hapohapo Chuo Kikuu cha Dodoma. Nawafahamu walioitwa usaili jirani kabisa na darasa walilokuwa wakifundisha. Watu hawa wawili tunawatia kapu moja kwa sababu wote hulipwa kwa saa, ilhali upungufu wao haufanani hata kidogo. Ofisa wa wizara ana kazi mkononi lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kufundisha. Kijana anajua kutunga swali na kuongoza semina ya wanafunzi, ila mifano yake yote ni ya kitabuni. Mpango wowote wa kuwaendeleza usioanza na tofauti hiyo utaishia kuwa siku moja ya slaidi na soda.

Chukua kozi ya ununuzi wa umma, kwa kuwa naijua kwa karibu. Mwaka 2023 ilitungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma kuchukua nafasi ya ile ya 2011, na kanuni zake zikafuata 2024. Katika kipindi hichohicho mfumo wa kielektroniki wa zamani, TANePS, ukaachwa na NeST ikashika nafasi. Fikiria sasa kijana aliyepewa kozi hiyo siku tatu kabla ya muhula kuanza, pamoja na faili la noti alizoacha mhadhiri aliyekwenda masomoni. Noti zinasema sheria ya 2011. Picha za skrini ni za TANePS. Anazifundisha, kwa sababu ndizo alizokabidhiwa na hakuna aliyemwalika mahali ambapo angesikia kwamba dunia imehama. Darasa la jirani yuko ofisa anayeingia NeST kila siku asubuhi. Huyo anajua ni hatua gani wazabuni hukwama na kwa nini, lakini mtihani wake una maswali matano yote ya kutaja na kueleza, na robo ya darasa inafeli bila yeye kujua amekosea wapi. Laiti wangekaa meza moja kwa siku mbili, mmoja angeondoka na sheria mpya na mwingine angeondoka na namna ya kupima uelewa. Meza hiyo ndiyo kongamano la kitaaluma linapofanywa vizuri, na warsha ya ufundishaji inapofanywa vizuri zaidi.

Kuna hesabu nyingine ambayo haitajwi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 10 ni saa 100: mihadhara, semina, kazi za nyumbani, kujisomea, mitihani. Malipo ya patitaimu huhesabiwa kwa saa za darasani tu. Anayesimamia saa 100 za mtu mwingine analipwa kwa zile anazoonekana amesimama mbele. Kusahihisha vitabu 180 vya majibu ni usiku wake mwenyewe. Kuisoma sheria mpya ni Jumapili yake. Kwa mfumo huu, mwalimu anayejiendeleza anajitoza faini, na anayefundisha noti za zamani anabaki na muda wa kuchukua kozi ya tatu kwenye chuo cha pili. Hatuwezi kupanga malipo hivyo halafu tukashangaa noti zimezeeka.

Nilikuwa mmoja wao kwa mihula sita, jioni, katika chuo kimoja hapa mjini. Mwaka mmoja chuo hicho kiliandaa kongamano, na ikisiri yangu, yaani muhtasari wa makala, ikakubaliwa. Fomu ya kujisajili mtandaoni ilikuwa na makundi matatu: mtumishi wa chuo, mwanafunzi wa uzamili, na mshiriki kutoka nje. Nilijaribu la kwanza, ikadai namba ya utumishi ambayo sina. Nikalipa kama mtu wa nje, kiwango cha juu kuliko vyote, ili niingie ukumbi ambao Jumanne na Alhamisi nilikuwa nao ufunguo. Mezani pa mapokezi dada mmoja mpole alitafuta beji yangu kwenye boksi, akaikosa, akachukua kipande cha karatasi na makapeni. “Mwalimu, niandike unatoka taasisi gani?” Nikamtajia jina la chuo. Akatazama orodha, akanitazama, akaandika jina langu peke yake. Sikuona uovu wowote hapo. Fomu ilitengenezwa na mtu mwema aliyesahau kwamba watu wa aina yangu wapo.

Tuseme lakini ukweli wa nyumbani. Neno kongamano likitamkwa mbele ya Mtanzania, wengi husikia posho. Tuna miaka mingi ya semina elekezi ambazo mada yake hakuna anayeikumbuka lakini bahasha kila mtu anaikumbuka, na mwishoni mwa 2015 serikali mpya ya wakati ule ilipokata safari za nje na mikutano ya hotelini, wananchi wengi walishangilia kwa sababu walijua inachokata. Kwa hiyo ukisema mwalimu wa muda naye aende kongamanoni, mkuu wa idara anasikia: mtu mwingine wa kulipwa posho ya kujikimu. Hapo ndipo mjadala wote unapopotea. Semina ya posho na kongamano la kitaaluma ni vitu viwili ingawa vinafanyika ukumbi uleule na chai ni ileile. Kwenye semina unakwenda kusikiliza kilichoamuliwa. Kwenye kongamano unaweka kazi yako mezani, watu wa fani yako wanaipekua, na wewe unapekua ya wenzako. Ninachodai hakina posho ndani yake.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni ya bajeti: walimu wa kudumu wenyewe hawaendi, kuna mwandamizi ambaye ombi lake la kwenda Arusha limelala mwaka mzima, sasa unaanzaje kumfikiria wa patitaimu? Naikubali hoja hii kwa safari. Siikubali kwa makongamano yanayofanyika hapahapa. Mji huu una ukumbi wa Jakaya Kikwete, una kumbi za vyuo, una kumbi za wizara, na ni wiki chache zinazopita bila mkutano wenye maudhui ya kitaaluma. Mtu anayeishi Nkuhungu hahitaji kulala hotelini wala tiketi ya treni ili afike ukumbi wa Chimwaga. Anahitaji jina lake liwe kwenye orodha ya wanaotumiwa tangazo, asamehewe ada, na kwa mengi basi, chakula cha mchana. Hata wale wanaokuja kufundisha kutoka Dar es Salaam au Morogoro mambo yamebadilika tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya 2024. Ilipoanza, daraja la kawaida kutoka Dar lilikuwa shilingi 31,000. Hiyo si fedha ya kuangusha bajeti ya ndaki.

Hoja ya pili inasema ofisa wa wizara ana mwajiri wake, na kumwendeleza ni jukumu la mwajiri huyo. Ni kweli kwa nusu. Wizara itampeleka kozi ya NeST kwa sababu inamhitaji ajue NeST. Hakuna wizara itakayompeleka kujifunza kutunga mtihani, au kuongoza darasa la watu 180 ambao wengine wanasinzia kwa sababu wametoka kazini kama yeye. Ujuzi huo unakinufaisha chuo peke yake, kwa hiyo atakayeulipia ni chuo.

Kisha kuna hoja dhaifu, na ajabu yake ndiyo inayotolewa haraka kuliko zote: ataondoka tu, kwa nini tumwagilie mche wa jirani? Nani asiyeondoka? Hapa Dodoma tumeshazoea mhadhiri kulala mhadhiri na kuamka mkuu wa wilaya. Wengine wameingia bungeni, wengine wako kwenye bodi na mashirika, na hao walisomeshwa kwa fedha nyingi kuliko ada ya kongamano moja. Hatukuwahi kusema wasisomeshwe kwa kuwa watateuliwa. Halafu tuangalie mwalimu wa muda akiondoka anakwenda wapi. Akiacha chuo kimoja cha Dodoma, mara nyingi anakwenda chuo kingine cha Dodoma, pengine anafundisha vyote viwili kwa wakati mmoja. Mche wa jirani ni wako pia; kivuli kinaangukia viwanja vyote. Badala ya kila chuo kumkwepa kwa hofu ya kumsomeshea mwenzake, hali hii ingepaswa kuwasukuma wachangie gharama. Na hata kama angeondoka kweli baada ya mihula miwili, wanafunzi aliowafundisha katika mihula hiyo hawarudishiwi ada kwa sababu mwalimu wao alikuwa wa kupita.

Hoja inayoniumiza kichwa zaidi inatoka upande wa walimu wenyewe. Wanasema: msitupoze kwa beji. Tunadai malipo ya muhula uliopita, mikataba inakuja wiki ya sita, na ninyi mnatuletea warsha. Wana haki. Kenya, habari za walimu wa muda wanaodai mihula kadhaa zimekuwa za kawaida magazetini, na sisi hatuko mbali na huko kama tunavyojidai. Ukinilazimisha nichague kati ya mwalimu kulipwa kwa wakati na mwalimu kualikwa kongamanoni, nitachagua alipwe, bila kufikiri mara mbili. Ila sioni nani anayetulazimisha. Kusamehe ada ya ukumbi ambao umeshakodiwa hakuchukui shilingi kwenye fungu la malipo. Na mtu anayetambuliwa mchana mbele ya wenzake ana nafasi bora ya kudai haki yake kuliko mtu anayeingia saa 11 jioni wahasibu wakiwa wameshafunga ofisi.

Wapo pia wanaouliza kama makongamano yenyewe yana faida. Hapa nakubaliana nao kuliko wanavyotegemea. Kila mwenye barua pepe ya chuo hupokea mialiko ya makongamano yanayohusu kila kitu kuanzia kilimo cha mtama hadi akili mnemba, ada kwa dola, na makala inakubaliwa kabla hujamaliza kuiandika. Yanaishi kwa sababu upandaji wa madaraja hudai machapisho, na anayedaiwa hununua. Lakini tazama kichekesho chake: mwalimu wa muda hapandi daraja. Hana pointi za kukusanya. Akiamua kutumia Ijumaa yake kukaa ukumbini, ni kwa sababu kuna kitu anataka kukisikia. Katika watu wote wa chuo, yeye ndiye ambaye mwaliko wake una uwezekano mdogo zaidi wa kupotea bure, na ndiye tusiyemwalika.

Wanaoamini kwamba patitaimu ni hali ya mpito itakayojiondoa yenyewe wangetazama Marekani. Kwa takwimu za AAUP, chama cha maprofesa wa nchi hiyo, mwaka 1987 walimu wa vyuo waliokuwa nje ya ajira ya uhakika walikuwa takriban asilimia 47. Kufikia 2021 walikuwa asilimia 68, na karibu nusu ya walimu wote walikuwa wa muda kabisa. Nchi yenye vyuo tajiri kuliko vyote duniani ilikaa zaidi ya miaka thelathini ikiita jambo hilo la muda. Sisi tuna sababu zetu za ziada. Vibali vya ajira hutoka kwa mafungu, wanafunzi huja kila Oktoba. Na hao wanaorudi na uzamivu hawatarudi kwenye darasa la jioni la mwaka wa kwanza. Watahitajika kusimamia tasnifu, kuanzisha programu za uzamili ambazo chuo hakikuweza kuzianzisha bila wao, na kuandika maombi ya fedha za utafiti. Ndiyo maana ya kuwasomesha. Darasa la jioni litabaki pale lilipokuwa, na kwa mtu yuleyule.

Kama hivyo ndivyo, basi vyuo vya Dodoma vina mambo ya kuamua ambayo hayasubiri mkopo mwingine. Warsha za ufundishaji zinazofanyika Jumatano saa 4 asubuhi zimewatenga maofisa wa serikali hata kabla ya kuandika mwaliko. Zihamie Jumamosi, na saa hizo zilipwe kwa kiwango cha saa ya darasani, si kwa posho. Akaunti ya barua pepe na maktaba ya mtandaoni inayofungwa muhula unapoisha inamkuta mwalimu wakati ndiyo kwanza anaandaa kozi ya muhula unaofuata. Iachwe wazi mwaka mzima. Kamati za makongamano nazo zitenge kikao cha watendaji. Ofisa aliyeona zabuni hamsini zikikwama hatua moja ana jambo la kusema ambalo halikai kwenye ikisiri inayodai mbinu za utafiti na sampuli, na akilisema, yule profesa aliyerudi majuzi atapata swali la utafiti bila kulilipia. Kwa kuwa ni mtumishi wa umma, apewe barua rasmi ya kupeleka kwa mwajiri wake kuomba ruhusa. Nimeona watu wakidanganya kwamba wanaumwa ili wakawasilishe makala.

Na kwa kuwa walimu ni walewale, vyuo viwili au vitatu vya mji huu vikichangia warsha moja kabla ya kila muhula, vitajikuta vinawafundisha watu walewale mara moja badala ya kutowafundisha kabisa. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Mafungu ya mafunzo ya watumishi yanaandikwa miezi kadhaa kabla, na neno “watumishi” kwenye kasma hizo ndilo litakaloamua kama mtu wa patitaimu yumo au hayumo. Wakuu wa idara ndio wanaojaza mapendekezo hayo. Wao, kuliko mtu mwingine yeyote chuoni, wanajua ni kozi ngapi kwenye ratiba yao ambazo safu ya jina la mwalimu imeandikwa PT 1, PT 2, PT 3.